Gia ya Bungoma, Hewa ya Kitale

Kama umewahi kupita Kanduyi, pale njia ya kuingia Bungoma mjini inapochepuka kutoka barabara kuu, basi umepita mbele ya kibanda cha Phelista Nanjala, hata kama hukukiona. Mabati sita, nguzo nne, sakafu ya udongo. Mvua ikinyesha, fundi, mteja na pikipiki wote husimama kwenye tope kama ng'ombe mnadani. Lakini usicheke. Wanaboda wa Cheptais huteremka mlima wote ule, wakipita mafundi wengine kumi njiani, ili wafungiwe gia na huyu mama.

Na hakuanza na spana. Alianza na sindano. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa akishona vifuniko vya viti vya bodaboda kwa cherehani ya kukanyaga, na fundi jirani yake alikuwa mtu wa domo kubwa na kazi ndogo. Kila pikipiki ya mlimani ilipoletwa ikilalamikiwa kwamba haivuti, yule bwana aliifungua injini, akaifunga, na pikipiki ikarudi ilivyokuja. Phelista akatazama, akatazama, mwisho uvumilivu ukamwisha. Akamwambia kwamba injini haina kosa. Cherehani ina gurudumu kubwa chini na dogo juu, ndiyo maana sindano inakimbia. Sasa mtu akitaka nguvu badala ya mbio, si ageuze tu hiyo hesabu? Apunguze jino moja la gia ya mbele, pikipiki itapanda mlima na gunia la viazi mgongoni. Fundi akamcheka. Mwenye pikipiki hakucheka, akakubali kujaribu, na kesho yake alirudi na kabichi mbili za shukrani.

Tangu hapo cherehani ikaanza kushika vumbi. Sproketi, yale magurudumu ya chuma yenye meno yanayovutana kwa cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma, Phelista alizijua kama mama anavyojua viatu vya wanawe. Alikuwa na kanuni moja aliyoigundua mwenyewe kwa kupanga punje za mahindi mezani: jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma. Mumewe Wakoli, mwalimu wa hesabu, alichukua kalamu aipinge hiyo kanuni. Akaandika, akafuta, akaandika tena, halafu akaomba chai.

Sasa, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, watu wa barabara walifika Kanduyi na kopo la rangi nyekundu. Wakachora alama ya X kwenye mabati ya kibanda, wakasema barabara inapanuliwa na kufikia mwisho wa Januari pale pawe peupe. Phelista aliwauliza aende wapi. Wakamjibu kwamba hilo halikuwa kwenye karatasi yao. Wakoli alimshauri kwa upole arudie kushona nyumbani, na usiku huo mwalimu alilala bila kusemeshwa.

Wiki hiyo hiyo habari za Kimaiyo zikafika. Huyu Kimaiyo ni meneja wa shamba kubwa la mahindi ya mbegu nje ya Kitale, njia ya Kachibora. Shamba lina kwadi kumi na mbili, zile pikipiki za magurudumu manne ambazo wakaguzi huzunguka nazo katikati ya mahindi. Kila mwaka baada ya mavuno huwa wanazishindanisha kwenye uwanja wa maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, wa ndege ya kunyunyizia dawa, mita mia tatu moja kwa moja, watu wakipiga vigelegele. Fundi wa shamba alikuwa amestaafu na karakana yake ilikuwa tupu: ukuta wa mawe, stima, sakafu ya saruji. Kimaiyo akatangaza kwamba mwaka huu fundi yeyote anaweza kuja, na ambaye kwadi yake itashinda, karakana ni yake pamoja na kazi ya kwadi zote.

Phelista aliposikia sakafu ya saruji, hakusikia kingine. Akaandikisha jina.

Mafundi wanne walijitokeza, na wiki mbili kabla ya mashindano kila mmoja alipewa kwadi moja, zote sawa kama mapacha. Sheria ilikuwa fupi. Injini isiguswe. Kuanzia injini kwenda chini, yaani cheni, sproketi na magurudumu, fundi afanye atakavyo. Phelista akaipakia ya kwake kwenye pikapu na kuiteremsha Bungoma, akamwita Job awe dereva.

Job ni mwanaume wa miaka arobaini, baba wa watoto wanne, na kwa miaka tisa amebeba kabichi na viazi kutoka Cheptais kwa barabara ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi huifikiria mara mbili. Si mtu wa maneno. Ukimwambia jambo anasema "sawa", na kweli inakuwa sawa.

Mbio za mita mia tatu si safari ya Eldoret, na hapo ndipo wengi huchemsha. Mtu akisikia neno mbio anafunga gia ndefu, ile ya meno mengi mbele, ambayo ikishakolea unapaa, ila kabla hujakolea mwenzako ameshafika anafuta jasho. Ukifunga fupi mno nayo, unaruka kama panzi halafu injini inaishiwa katikati ya njia, kelele tele na mwendo hakuna. Phelista alimweleza Job kwamba gia ya kweli ni ile inayokufikisha kwenye mstari wa mwisho injini ikiwa ndiyo tu inamaliza nguvu zake katika gia ya tano. Isiwe kabla ya hapo, wala isiwe baada.

Wakaenda kwenye njia ya maramu katikati ya mashamba ya miwa, wakapima mita mia tatu kwa kamba. Job alikimbia mara thelathini na kitu. Walijaribu meno kumi na tano mbele, ikawa nzito. Wakajaribu kumi na tatu, ikapiga kelele mapema mno. Phelista akairudisha kwenye duka alikoiazima. Kumi na nne ikakaa kama kofia iliyoshonewa kichwa chake. Kila mahali Job alipobadilisha gia, Phelista alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, kisha akahesabu hatua kutoka kijiti hadi kijiti na kuziandika kwenye aproni yake kwa chaki ya fundi cherehani. Alirudi nyumbani akiimba. Wakoli mwenyewe aliona heri ajitolee kuosha vyombo.

Ijumaa, siku moja kabla ya mashindano, walipanda Kitale. Phelista alichomeka vijiti vyake kando ya ule uwanja, hatua kwa hatua kama vilivyokuwa Bungoma, na mafundi wengine na wafanyakazi wa shamba wakasogea kuangalia. Job akakaa, akaachia klachi.

Ikawa aibu. Kwadi iliondoka kama mtu aliyeamshwa kutoka usingizini. Ikafika kijiti cha kwanza injini ikiwa bado haijakolea. Job akabadilisha gia kama alivyoagizwa na injini ikazama, ikawa inaguna tu. Kijiti cha pili vile vile. Alivuka mstari wa mwisho gia ya tano ikiwa ndiyo kwanza inapiga miayo. Wakarudia mara tatu, na mara tatu mambo yakawa yale yale.

Phelista alikuwa ameona hiyo gia ikiruka kwa macho yake mwenyewe kule Bungoma. Gia ni ile ile. Cheni ni ile ile. Kilichobaki ni nini kama si mtu? Hasira ikampanda, karakana akaiona inaondoka na sakafu yake, na mbele ya watu wote wale akamwambia Job kwamba anaogopa, kwamba mkono wake unatetemeka kwenye mpini wa mafuta, kwamba kama angejua ni mwoga angemleta mwanaume. Haki ya nani, alisema hivyo. Mimi nampenda Phelista lakini hapo siwezi kumtetea. Watu wakacheka. Job akaivua kofia ya chuma polepole, akaiweka juu ya kiti, akaondoka bila hata ile "sawa" yake.

Jioni walikuwa nyumbani kwa Dinah, dadake Phelista aliyeolewa Kitale. Job alikaa pembeni. Phelista naye alikaa upande wake akiwa amekunja uso, njaa inamuuma, na maharagwe yalikuwa jikoni yakichemka tangu saa tisa bila dalili ya kuiva. Akaonja moja, likagonga jino. Akamwuliza Dinah kama siku hizi Kitale wanauziwa maharagwe ya mwaka juzi.

Dinah alimtazama kwa mshangao. Yale maharagwe aliyaleta Phelista mwenyewe asubuhi hiyo, zawadi kutoka Bungoma.

Phelista akafunua tena sufuria. Alikuwa amepika ya gunia hilo hilo Jumanne, yakaiva mapema akiwa bado anasuka nywele za bintiye Rispah. Dinah hakuona ajabu yoyote. Alisema tangu aolewe huku juu amezoea, maharagwe ya Kitale hayana haraka, na hata mwalimu wa watoto aliwafundisha kwamba ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Phelista alibaki na mwiko mkononi. Maharagwe yale yale, mahali tofauti. Gia ile ile, mahali tofauti. Injini nayo inavuta hewa, jamani! Hewa ikiwa nyepesi injini inapumua nusu nusu, na yeye ameifunga gia ya mwenye mapafu yaliyojaa. Akageuka kumtafuta Job, lakini Job alikuwa ameshakwenda kulala bila kula.

Alfajiri alimkuta Job jikoni akilinyoosha shati lake kwa viganja, tayari kwa safari ya kurudi Bungoma. Phelista akamweleza yote, hewa na maharagwe na gia, akamwambia kosa ni lake. Job alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama Rispah, nimesikia," akasema. "Lakini jana uliniita mwoga mbele ya watu. Hapa jikoni tuko mimi na wewe na sufuria."

Alikubali kufika uwanjani, basi. Na Phelista alielewa vizuri alichoombwa. Kwenda kusema mbele ya Kimaiyo kwamba alikosea gia, yeye anayetaka akabidhiwe gia zote za shamba! Nani humpa karakana fundi aliyefunga gia ya mji mwingine?

Alipofika alianza na lililo rahisi, yaani chuma. Alihitaji meno kumi na matatu. Alipiga simu Bungoma, akakumbuka kwamba mwenye lile duka alikoiazima ni Msabato na Jumamosi hafungui hata umlilie. Maduka ya Kitale yalikuwa na sproketi za bodaboda, ambazo haziingii kwenye cheni nene ya kwadi. Sproketi ya kwadi ya meno kumi na matatu ilikuwa moja tu Kitale nzima, na ilikuwa imeshafungwa kwenye kwadi ya Gathii, fundi wa hapo Kitale, mtu mpole wa kucheka. Gathii alimwambia bila ubaya kwamba kila mara watu wa chini wakileta pikipiki huku huja na gia ya chini, na alidhani mama anajua.

Phelista akazunguka nyuma ya stoo ajikaze asilie. Huko ndiko alikoikuta kwadi iliyokufa zamani, imelala kwenye nyasi, kuku wametaga kwenye kiti chake. Magurudumu yake yalikuwa yameisha, upara mtupu. Akayatazama. Kisha akachomoa mfukoni futi yake ya kupimia nguo, ambayo haimtoki hata akienda kanisani, akapima. Inchi ishirini. Akakimbia kwenye kwadi yake, akapima. Inchi ishirini na mbili. Lo! Gurudumu nalo ni gia! Likiwa fupi, kila mzunguko linakwenda mbele kidogo na kwa nguvu zaidi, sawa tu na kupunguza jino moja mbele, na zaidi kidogo. Tena lile la upara ni jepesi. Boliti zilikuwa nne na nne, zikalingana. Kimaiyo alipoitwa kuamua, alisema gurudumu liko chini ya injini, kwa hiyo ni halali, ila atahadhari, upara huo utateleza.

Saa nne Kimaiyo akawaita mafundi na madereva mbele ya umati kusoma sheria. Watu kama mia mbili hivi, wafanyakazi na jamaa zao. Alipouliza kama kuna swali, Phelista akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi ni Phelista wa Kanduyi," akasema. "Jana nilimwita huyu Job mwoga hapa hapa, mkasikia, mkacheka. Job hakuogopa. Ni mimi nilifunga gia ya Bungoma nikaileta Kitale bila kufikiria hewa. Kosa ni langu, si lake. Job, nisamehe."

Uwanja ukatulia. Mtu mmoja nyuma akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Kimaiyo alimtazama Phelista, akainama akaandika kitu kwenye daftari lake, na Phelista akajua moyoni kwamba karakana imekwenda. Ajabu ni kwamba kifua kilikuwa chepesi. Job alimfikia, akampa mkono.

"Imeisha, mama," akasema, akachukua kofia yake.

Kabla ya mbio, Phelista alitembea uwanja mzima akiving'oa vile vijiti vyake kimoja kimoja. Akamwambia Job leo hakuna kijiti. Asikilize injini na abadilishe inapomwomba, maana barabara anaijua yeye kuliko fundi. Na kwa sababu ya ule upara, aketi nyuma kabisa na aachie klachi kama mtu anayemlaza mtoto.

Mbio zilikwenda wawili wawili. Job akampita dereva wa fundi aliyetoka Moi's Bridge bila taabu, Gathii akamtoa fundi wa Kachibora. Wakabaki wao, Job upande wa kushoto na Kipketer, dereva wa Gathii, upande wa kulia.

Bendera ikashuka. Kipketer akaruka. Magurudumu ya Job yakazunguka bure, vumbi likapanda, na kwa muda ambao Phelista atausimulia hadi uzeeni, kwadi yake ilibaki pale pale. Kisha ikashika. Alikuwa nyuma kwa urefu wa kwadi tatu nzima. Lakini sikiliza sasa hiyo injini: ilipanda bila kuguna, Job akabadilisha, ikapanda tena, akabadilisha, kila mara pale pale ilipotaka. Katikati ya njia walikuwa wameachana kwadi moja. Gia ya nne wakalingana vichwa. Ya tano ikaingia hatua sitini kabla ya mwisho, ikavuta, ikavuta, na sauti yake ilifika kileleni mstari ukipita chini ya magurudumu. Nusu gurudumu, akasema mshika bendera. Job.

Phelista alikaa chini kwenye maramu, na nguo yake ya kanisani, akalia kama mtu aliyefiwa. Gathii alikuja, akainama kuyaangalia yale magurudumu ya upara, akapiga kichwa chake kofi. Kwa miaka miwili, kila wiki akileta vipuri kwenye stoo ya shamba, alikuwa akipita karibu nayo akiwafukuza kuku. Kimaiyo alileta ufunguo mwenyewe. Phelista alimwuliza aliandika nini kwenye lile daftari, na Kimaiyo akamwonyesha: vyuma chakavu vya nyuma ya stoo visiuzwe.

Jumatatu walikuwa Kanduyi kukibomoa kibanda kabla watu wa barabara hawajakibomoa wao. Phelista mwenyewe alipanda ngazi kung'oa mabati, misumari ameibana midomoni. Ng'ambo ya barabara, kwenye steji ya bodaboda, wenzake Job walikuwa wamemzunguka, na yule mtu wa "sawa" alikuwa akiongea kwa mikono miwili. Aliwaeleza jinsi mama alivyoinua mkono. Aliwaeleza watu mia mbili walivyonyamaza. Alirudia maneno yake yote, moja baada ya lingine, hadi lile la nisamehe, kisha akaanza tena kwa waliochelewa kufika. Juu ya ngazi Phelista akaacha kupiga nyundo, akawa anasikiliza.

Mmoja wao alichoka kungoja, akauliza kwani mbio zenyewe zilikwendaje, walishinda au hawakushinda.

Job akafikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

"Eeh," akasema. "Hiyo pia tulishinda."